Nina shahada ya ualimu lakini sina ajira: niendelee kusubiri?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 28, naishi na mama Mbagala Rangi Tatu. Nilimaliza shahada ya ualimu mwaka 2021, masomo yangu ya kufundishia ni Historia na Kiswahili. Tangu hapo, tangazo la walimu likitoka kwenye Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi, siliachi. Mara ya mwisho niliitwa kwenye usaili, nikafanya mtihani wa mchujo, jina halikurudi. Niliosoma nao waliochukua Fizikia na Hisabati karibu wote wako kazini, mmoja Katavi, mwingine Rorya. Sisi wa sanaa tunapeana pole kwenye kundi la WhatsApp.

Kwa sasa najitolea sekondari ya kata hapa hapa Mbagala. Wazazi wanachanga, napewa posho ya shilingi 150,000, na mwezi wa likizo haipo. Darasa moja lina watoto zaidi ya tisini. Nina vipindi vingi kuliko baadhi ya walioajiriwa. Mkuu wa shule ananisifu mbele ya watu, lakini sifa hailipi nauli ya daladala.

Sasa yamenijia mambo matatu kwa mpigo. Shule moja binafsi ya Tegeta imenikubali kwa 350,000 kwa mwezi. Mkataba wanasema watanipa baada ya miezi sita, na wanataka vyeti vyangu halisi vikae ofisini kwao "kwa usalama". Pili, rafiki yangu yuko kampuni ya mikopo, anasema nikipeleka CV nitapata uafisa mikopo, 500,000 na kamisheni juu. Tatu, mjomba anasema nirudi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nisome masta, yeye atalipa nusu ya ada.

Lipo na la nne ambalo silihesabu. Mwaka huu alikuja shuleni dada mmoja Mjerumani, anafanya kazi kwenye shirika fulani, akaniomba nimfundishe Kiswahili kila Jumamosi. Ananipa 20,000 kwa saa, na ameniletea mwenzake. Ni kibarua tu cha kupata vocha.

Kinachoniumiza zaidi ni mama. Aliuza kiwanja chake cha Mkuranga ili nimalize chuo, maana mkopo wangu haukuwa asilimia mia. Popote akienda husema "binti yangu mwalimu". Nikimgusia kazi ya mikopo anakaa kimya mpaka usiku. Na Bodi ya Mikopo nao wameanza kunitumia ujumbe.

Shangazi, mtu aliyesomea elimu anafaa kwa kazi gani kama serikali haijamwajiri? Niendelee kusubiri au niachane nayo? Tegeta wanataka jibu Ijumaa.

Mwalimu Mtarajiwa, Mbagala

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na Tegeta kwa sababu Ijumaa haiko mbali. Vyeti halisi usipeleke. Mwajiri ana haki ya kuviona, kuvikagua hata kwa tochi akitaka, na kubaki na nakala iliyothibitishwa na wakili. Cheti chenyewe kinarudi nyumbani na mwenyewe. Fikiria hili: Sekretarieti ya Ajira, ile inayosaili waombaji wa kazi za serikali, ikikuita usaili, itakutaka ufike na vyeti halisi. Vikiwa kwenye kabati la mkuu wa shule, utamwomba ruhusa ya kwenda kutafuta kazi nyingine? Shule zinazofanya hivyo zinajua hilo, ndiyo maana zinafanya.

Na habari ya mkataba baada ya miezi sita, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi pale unapoanza. Kipindi cha majaribio kinaandikwa ndani ya mkataba, hakiwi sababu ya kutokuwa na mkataba. Waulize pia habari ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anabeba angalau nusu yake. Ukiona mtu anababaika kwenye swali hilo, umeshapata jibu lako. Halafu Rangi Tatu mpaka Tegeta, alfajiri kwenda na jioni kurudi, kwa 350,000! Ukitoa nauli na chakula, umebaki na posho yako ile ile pamoja na maumivu ya mgongo.

Kwa hiyo Ijumaa waambie uko tayari kuanza endapo watakubali nakala za vyeti na mkataba siku ya kwanza. Wakikataa, usiwabembeleze.

Sasa hii ya kusubiri. Nataka uelewe foleni uliyomo ilianzaje, kwa sababu naona barua yako imejaa aibu isiyokuhusu. Mwaka 2004 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, shule za kata zikachipuka nchi nzima, na walimu hawakuwepo. Ndipo vyuo vishiriki vya elimu vya Chang'ombe na Mkwawa vikaanzishwa mwaka 2005, Chuo Kikuu cha Dodoma kikafuata 2007, na ualimu ukawa miongoni mwa kozi za kipaumbele kwenye mikopo. Siku hizo aliyemaliza alikaa nyumbani kidogo tu, orodha ikatoka, akapanda basi kwenda kituo alichopangiwa. Kuanzia mwaka 2015 hivi bomba likabanwa: ajira zikawa kwa vibali vya mafungu, Sayansi na Hisabati mbele, na wa sanaa waliokuwa wengi tangu mwanzo wakabaki mlangoni huku wengine wakihitimu kila mwaka nyuma yao. Watoto hawakupungua, maana elimu bila ada ya mwaka 2016 iliwaongeza. Darasa lako la tisini ni ushahidi kwamba uhitaji upo. Kilichokosekana ni nafasi yenye mshahara.

Kwa hiyo Ajira Portal usiifunge. Hakikisha taarifa zako ziko sawa, fanya mazoezi ya mtihani wa mchujo kama ulivyokuwa unawaandaa kidato cha nne, kisha uendelee na maisha. Ila usitafute neno "Mwalimu" peke yake. Taasisi ya Elimu Tanzania huajiri wakuza mitaala, Baraza la Mitihani huajiri maofisa mitihani, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima huajiri wakufunzi. Matangazo hayo yanapita kwenye portal hiyo hiyo na wenzako wengi hawayafungui kwa sababu hawajajiona humo. Nafasi ni chache, sikudanganyi, na nyingine zinataka uzoefu.

Umeniuliza aliyesomea elimu anafaa kwa kazi gani. Mimi ningeuliza anajua nini. Unajua kuchukua jambo kubwa ukalikata vipande mtu akalimeza. Unajua kuandika azimio la kazi la mwaka mzima na andalio la somo la dakika 40. Unajua kutunga swali linaloonyesha nani ameelewa na nani amekariri. Unajua kuwashika watu tisini wasikilize baada ya chakula cha mchana, tena penye joto la Mbagala. Wanaolipa kwa ujuzi huo wako wengi, na baadhi yao hawana ubao wala kengele.

Ndiyo maana barua yako niliisoma nikarudi kwenye lile la nne unalosema hulihesabu. Mwanangu, unalipwa 20,000 kwa saa kwa kufundisha somo ulilosomea, mteja wa kwanza amekuletea wa pili bila wewe kutangaza popote, na hilo ndilo unaloliita la vocha? Piga hesabu. Wanafunzi watatu, kila mmoja saa mbili kwa wiki, ni 120,000 kwa wiki. Kwa mwezi umeshavuka Tegeta, tena ukiwa na asubuhi zako.

Na huu si upepo wa msimu. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakifanya kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi za kazi. Wewe uko Dar es Salaam, penye balozi, mashirika ya kimataifa, madaktari wa kigeni, wamisionari, na wake na waume wa wafanyakazi hao ambao wamechoka kukaa ndani Masaki bila kuweza kuzungumza na mtu. Wengi wao wanafundishwa na yeyote aliyepatikana, dereva au mlinzi. Mlinzi anaweza kuongea Kiswahili kuliko mimi na wewe, lakini akiulizwa kwa nini ni "kiti changu" na "meza yangu" atasema ndivyo inavyosemwa. Wewe una jibu.

Lakini jibu hilo lichunge. Kosa la walimu wetu wa Kiswahili wakipata mgeni ni kumpa somo la kidato cha tatu: ngeli zote kwenye jedwali siku ya kwanza, na ufafanuzi wa kiima na kiarifu. Mgeni anataka Jumamosi ijayo aweze kushusha bei ya kitenge Kariakoo na kumwambia bodaboda asikimbize. Mpe hizo sentensi kwanza, ngeli atazikuta njiani. Muuguzi mpe lugha ya wodini, mhandisi mpe ya eneo la ujenzi. Jifunze viwango vya lugha vya Ulaya, vile vya A1 ya anayeanza mpaka C2 ya aliyebobea, kwa sababu mteja wako Mjerumani anapojieleza anatumia lugha hiyo, na ukimwandalia mpango wa kumtoa A1 kumfikisha A2 ataona anashughulika na mtaalamu.

Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, linatoa mafunzo kwa wanaotaka kufundisha Kiswahili kwa wageni na lina kanzidata ya wataalamu. Nenda kaulize mafunzo yajayo ni lini, na ile hela ya mjomba mwombe aihamishie huko, ni ndogo kuliko ada ya Mlimani kwa mbali. Mtandaoni kuna majukwaa kama italki na Preply ambako walimu wa Kiswahili wanajiandikisha na kupata wanafunzi kutoka kokote. Soma masharti kabla hujaingia: Preply, kwa mfano, huchukua malipo yote ya somo la kwanza la majaribio la kila mwanafunzi mpya, kisha asilimia inayopungua kadiri saa zako zinavyoongezeka. Wateja wa ana kwa ana hawana makato hayo, kwa hiyo hao wa Jumamosi watunze. Mwakani waongezee bei. Hawatashtuka.

Jambo lingine linahusu umri wako, na hili lina haraka. Upo mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha, ambao kwa miaka mingi umewapeleka vijana wa Kitanzania vyuo vikuu vya Marekani kufundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja wa masomo. Kwa kawaida masharti yake yanataka mtu mwenye shahada ya kwanza, kati ya miaka 21 na 29. Wewe una 28. Fuatilia matangazo ya ubalozi wa Marekani pale Msasani, na wakitangaza, usiache kwa kuogopa Kiingereza chako.

Historia nayo usiitupe. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili, na linafundishwa kwa Kiswahili. Hebu soma sentensi hiyo tena ukiwa na vyeti vyako mkononi! Shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza, ambazo miaka yote zilimtazama mwalimu wa Kiswahili kama mtu wa kujaza ratiba, zinahitaji mtu wa kulibeba. Ukiandika barua ya kuomba kazi, usiandike "mwalimu wa masomo ya sanaa". Taja somo lenyewe kwa jina lake na uambatanishe andalio la somo moja ulilotunga. Tafuta shule za Temeke, Kigamboni na Kurasini kabla ya kufikiria kuvuka jiji.

Kwa watu wazima nako kuna kazi, hasa huko kwenu Mbagala: wanaorudia kidato cha nne, wanaojiandaa na Mtihani wa Maarifa, ule wa wanaosoma nje ya shule za kawaida, na mabinti waliorudi masomoni baada ya kujifungua tangu serikali ilipowafungulia mlango Novemba 2021. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ndiyo inayosimamia njia hizi. Waulize kuhusu vituo vinavyohitaji wawezeshaji kabla hujafikiria kuanzisha cha kwako, maana kituo kisichosajiliwa siku moja kitakutoa jasho mbele ya ofisa elimu. Kama unapenda kuandika, wapo wachapishaji wa vitabu vya ziada, na hapa hapa Dar wapo Ubongo wanaotengeneza katuni za kufundisha watoto. Huko ushindani ni mkali na huingii bila sampuli ya kazi. Anza kuzitunza zako.

Uafisa mikopo sitauita usaliti. Una akili, unajua hesabu, unajua kuongea na watu. Ila nenda ukijua siku yako itakavyokuwa: kuzunguka na pikipiki kumfuata mama ntilie aliyechelewesha rejesho, na kamisheni yako inategemea umembana kiasi gani. Kabla ya CV, muulize rafiki yako kama kampuni ina leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kama ni wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba ya kunyonya, kaa mbali, jina lako litachafuka mtaa mzima. Kama ina leseni, na unaona hali ya nyumbani hairuhusu kungoja, ichukue kwa muda na uwaambie mapema kwamba unaweza kufundisha wafanyakazi wapya na vikundi vya wakopaji. Mabenki na kampuni za bima zina vitengo vya mafunzo, na wengi walioko humo walianzia kaunta.

Masta hapana. Si kwa sasa. Mjomba ana nia njema na umshukuru vizuri, lakini mtu asiye na kazi akiongeza shahada anatoka miaka miwili baadaye akiwa na shahada mbili na mwajiri anayemuuliza uzoefu uko wapi. Ingekuwa unataka uhadhiri ningesema vingine, ila huko GPA ya shahada ya kwanza isiyofika 3.5 inakufungia mlango mapema, na wewe GPA hukunitajia, kwa hiyo nahisi moyo wako hauko huko. Fanya kazi kwanza. Ukishajua unataka kubobea kwenye Kiswahili kwa wageni, au mitaala, au elimu ya watu wazima, masta itakuwa na maana, na huenda mwajiri ndiye atakayeilipia.

Mama yako. Usimwambie unaacha ualimu, kwa sababu huachi. Jumamosi moja mwombe mwanafunzi wako Mjerumani aje Rangi Tatu, mfanye somo nyumbani, sebuleni. Mama amsikie mzungu anamwamkia "shikamoo mama" na ajue ni wewe uliyemfundisha. Amkaribishe chai, amsahihishe matamshi, amcheke kidogo. Baada ya mgeni kuondoka ndipo umwonyeshe daftari la mapato. Kiwanja cha Mkuranga kimeshauzwa, na anachotaka kujua ni kama kiliuzwa kwa faida ya mtu. Usimpe hotuba. Mwonyeshe.

Ile shule ya kata, uiage kwa heshima au upunguze siku zako ziwe mbili. Najua watoto watakuumiza. Lakini mwombe mkuu barua ya utambulisho yenye muhuri, itaje masomo, madarasa na muda uliojitolea. Uzoefu usioandikwa popote hausaidii kwenye usaili wowote.

Na Bodi ya Mikopo usiwakimbie. Wanaanza kudai baada ya miezi 24 tangu umalize chuo, kwa hiyo ujumbe wao hauna ajabu. Ukiajiriwa rasmi watakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi moja kwa moja. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliyokuwa inavimbisha madeni ya watu ilifutwa mwaka 2021, basi deni lako huenda ni dogo kuliko unavyoota usiku. Nenda na namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, uombe taarifa kamili ya deni, na uwaeleze kwamba sasa hivi unajiajiri, unaweza kuanza na kiasi gani na kuanzia lini. Jitahidi uende wiki hii, kabla wadhamini wako hawajaanza kupigiwa simu.

Shangazi